Ngiri Nane: Venye Simu ya Tachi Ilishuka Hadi Mtaa

Simu ya tachi ya sai ililonchiwa mara mbili. Ya kwanza kila msee anaijua: tarehe 9 Januari 2007, Moscone Center, San Francisco, Steve Jobs akatoa iPhone, akateleza kidole juu ya kioo, ukumbi mzima ukapiga nduru. Ya pili haipostiwi sana. Ilikuwa mwanzo wa 2011, hapa Nairobi, venye Safaricom ilianza kuuza simu ya Huawei inaitwa Ideos kwa kama ngiri nane.

Mimi naona hiyo ya pili ni kazi kubwa sawa na ya kwanza. Kuunda kitu mpya ni akili. Kuifikisha kwa bei yenye dem wa saluni Umoja ama konda wa mathree ya Rongai anaweza lipa, hiyo pia ni akili, na ni ile yenye huwa hatuipigii makofi. Wacha nikupee form yote, kutoka kidole hadi bei.

Mulika mwizi na M-Pesa

2007 mtaani, simu ilikuwa mulika mwizi. Nokia 1100, tochi kwa kichwa, chaji inakaa masiku, ikianguka unaiokota, unarudisha betri, unaendelea kubonga. Ukiwa na kredo ya mbao unatuma meseji. Ukisota unamflashi msee, akikuhurumia anapiga. Intaneti ilikuwa ya saiba, unalipa kwa dakika, unasoma imeili jicho moja ikiwa kwa saa.

Na ni kwa hizo simu za kubonyeza ndio mapinduzi yetu ilianzia. Tarehe 6 Machi 2007, miezi mbili hivi baada ya Jobs kushuka stejini na iPhone ikiwa bado haijafika dukani, Safaricom ikatoa M-Pesa. Haikutaka kioo, haikutaka intaneti, ilikaa ndani ya laini tu. Mathe wa mboga Gikomba akaanza kupokea doh kwa simu ya bei rahisi kuliko viatu zenye anauza jirani yake. Hiyo ndio imenifunza kuangalia teknolojia na jicho ingine. Huwa naanza na swali moja: nani anaweza ishika?

Jamaa wa Delaware na mikono yake

Kioo cha kugusa si kitu ya juzi. Agosti 1994 IBM iliuza Simon, simu yenye unagusa, yenye ilikuwa na kalenda, imeili na faksi. Ilikuwa na uzito wa nusu kilo, ukibonga saa moja hivi betri imekata, na bei ilikuwa dola 899 hata na kontrakti. Ziliuzwa kama 50,000, alafu ikatoka sokoni. Waliona mbele, lakini betri, chipu na bei zilikuwa bado hazijafika penye macho yao ilikuwa imefika.

Kwanza kioo yenyewe ilibidi ibadilike. Kama ulikuwa na simu ya Mchina ya Luthuli Avenue miaka ya 2008 ama 2009, zile za laini mbili na antena ya TV, unakumbuka ilikuja na ka-kalamu. Ile kioo ilikuwa na ngozi mbili. Unafinya ya juu hadi iguse ya chini, ndio simu ijue uko wapi. Ka-kalamu ikipotea, unatumia ukucha. Kidole yenyewe ilikuwa inateseka.

Kioo ya sai haifinywi. Chini ya glasi kuna mistari nyembamba za kupitisha umeme, hazionekani, zimepangwa kwenda juu na kwenda kando. Mwili ya binadamu pia hupitisha umeme. Kidole yako ikigusa glasi, chaji inabadilika kidogo penye mistari zimekutana, na chipu inapiga hesabu chap chap kujua ni wapi. Ju kila penye mistari zimekutana inapimwa pekee yake, inaweza sikia vidole mbili ama tano kwa wakati mmoja.

Hiyo maneno ya vidole mingi ina mtu nyuma yake, na story yake inanigusa. Miaka ya 90 kulikuwa na mwanafunzi wa udaktari Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, anaitwa Wayne Westerman. Mikono ilikuwa inamuuma ju ya kutaipu. Akaanza kusaka njia ya kutumia kompyuta bila kugonga vitufe siku nzima. Yeye na mwalimu wake John Elias wakafungua kampuni, FingerWorks, wakauza kibodi zenye unagusa tu bila kubonyeza. 2005 Apple ikawanunua. Kila ukivuta picha na vidole mbili ndio uicheki poa, unatumia kitu yenye msee alitafuta ndio mikono yake ipumzike. Yeye hakuwa anafikiria kushangaza dunia. Alikuwa na shida yake, akaishughulikia hadi mwisho, na shida ya mtu mmoja ikageuka kuwa msaada ya watu wote.

Wiki zenye kila injinia aliunda kibodi

Ndani ya Apple mradi uliitwa Purple, na ulikuwa siri kali. 2005 walikwama kwa kitu yenye sai hata hufikirii: kutaipu. Herufi ni ndogo, kidole ni nono, na simu haina kibodi ya kushika. Kama watu hawawezi andika meseji, hakuna simu. Mabosi wakasimamisha kazi ingine yote ya programu. Kila injinia kwa hiyo timu, kama kumi na tano hivi, akaambiwa aachane na kenye anafanya, aunde kibodi.

Yenye ilichaguliwa ilikuwa ya Ken Kocienda. Ya kwanza yake ilikuwa na vitufe kubwa, kila moja imebeba herufi kadhaa, alafu simu inakisia ulikuwa unamaanisha neno gani. Wenzake wakaijaribu wakachanganyikiwa. Akarudi chini akaanza tena. Akaweka herufi moja kwa kila kitufe, mpangilio ule wa kompyuta, na nyuma yake akaficha kamusi na hesabu zenye zinaangalia kidole iliangukia karibu na nini, alafu zinarekebisha neno. Na ju kidole inaziba kitufe, herufi ikawa inaruka juu ndio uone umegusa gani. Hizo vitu bado uko nazo leo.

Alafu cheki hii: kila msee mwenye hutaipu Sheng anajua vita ya kupigana na simu yenye inataka kugeuza maneno yake kuwa Kizungu. Kamusi ilijengwa na watu wa huko kwa ajili ya watu wa huko. Hawakukosea, walikuwa wanashughulikia mtaa yao. Yetu ilikuwa inangoja watu wake.

Siku ya kuonyesha dunia ilipofika, simu ilikuwa bado inazima hovyo. Ukifanya vitu kwa mpangilio flani inapita, ukigeuza mpangilio inashika. Mainjinia wakatafuta njia yenye haifi, na Jobs akaifuata hatua kwa hatua mbele ya watu, na simu zingine zikiwa hapo kando tayari. Kina Andy Grignon, wenye walikuwa kwa hiyo timu, walikuja kueleza baadaye venye moyo zilikuwa zinawadunda. Kama unajenga kitu na inaanguka anguka, usijidharau. Hata ile siku yenye kila mtu anasifu ilikuwa na waya wazi nyuma ya pazia.

Baada ya hapo bado kulikuwa na wera. Ile simu ya stejini ilikuwa na uso wa plastiki, na plastiki inachorwa na funguo za mfukoni. Jobs akataka glasi. Corning, kampuni ya Marekani yenye ilikuwa imefanya utafiti wa glasi ngumu tangu miaka ya 60, ikageuza kiwanda chake cha Harrodsburg, Kentucky, ianze kuitoa kwa haraka. Tarehe 29 Juni 2007 iPhone ikaingia dukani.

Sasa bei. Dola 499 kwa ile ndogo, 599 kwa ile kubwa, na ujifunge miaka mbili na AT&T. Dola hiyo mwaka ilikuwa inacheza kama bob 67. Piga hesabu: kati ya ngiri thelathini na tatu na ngiri arobaini. Na hata ukiwa na hiyo doh, haikuwa inauzwa kwa duka zetu. Haikuwa na 3G pia, na duka la apu lilikuja Julai 2008. Dunia ilikuwa imeona kesho, lakini kesho yenyewe ilikuwa na mlango na bawabu.

Mlango unafunguliwa

Penye mlango ulifunguka ni Android, mfumo wa kuendesha simu. Kampuni ilianzishwa Palo Alto Oktoba 2003 na Andy Rubin na wenzake watatu, Google ikainunua 2005. Simu yenye walikuwa wanaandaa kwanza, jina la siri Sooner, ilikuwa ya vitufe bila tachi. Baada ya kucheki iPhone, nguvu zote zikaenda kwa ile ingine, Dream, yenye ilikuwa na kioo cha kugusa na kibodi ya kuvuta kando. HTC ya Taiwan ikaiunda, na tarehe 22 Oktoba 2008 ikaanza kuuzwa Marekani kwa jina la G1, dola 179 na kontrakti ya T-Mobile.

Kitu kubwa haikuwa hiyo simu, ju hata haikuwa mresh sana. Kitu kubwa ilikuwa sheria ya mchezo: Google haikuuza Android kwa watengenezaji. Kiwanda yoyote ingechukua huo mfumo iujaribu kwa simu yake. Sasa akili yenye ilikuwa imefungiwa kwa simu moja ya bei ya juu ikawa inaweza kaa kwa simu elfu moja tofauti, na viwanda vya Shenzhen vikaanza kushindana kwa kitu moja: nani atashusha bei zaidi.

Walikata nini, waliacha nini

Huawei ni ya Shenzhen, tangu 1987, na Afrika walikuwa wanajulikana kwa kujenga mitambo ya mitandao kabla hatujaona jina lao kwa simu. Septemba 2010 wakaonyesha Ideos kwa maonyesho ya IFA, Berlin. Hapa ndio nataka tukae kidogo, ju hii ndio darasa.

Angalia kenye walikata. Kioo ya inchi 2.8, pikseli 240 kwa 320, ndogo kuliko ile ya iPhone ya kwanza. Chipu ya Qualcomm ya megahezi 528, mwendo ule ule wa G1 ya 2008, yenye kwa hizo miaka mbili ilikuwa imeshuka bei. RAM ya megabaiti 256. Kamera ya megapikseli 3.2 bila flashi, na mbele hakuna kamera. Betri ya mAh 1200, mwili wa plastiki.

Alafu angalia kenye walikataa kukata. Kioo ilikuwa ile ya kuguswa na kidole, si ya ukucha. Android ilikuwa 2.2, yenye Google ilikuwa imetoa Mei ya huo mwaka. Kulikuwa na 3G, waifai, GPS, na uwezo wa kugeuza simu iwe hotspoti. Mtu alikaa chini akauliza: msee mwenye hii ndio itakuwa kompyuta yake ya kwanza, atahitaji nini kweli? Vitu vya kuringa vikaondoka, vitu vya kutumia vikabaki. Na hata urembo haukusahaulika: ganda la nyuma lilikuja na rangi, nyeusi, njano, bluu na zambarau, ndio kijana wa doh kidogo pia ajisikie amevaa.

Bei haikushushwa na kiwanda peke yake. Bajeti ya Juni 2009 ilitoa VAT ya asilimia 16 kwa simu. Hiyo hiyo mwaka kebo za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa kupitia baharini, na nchi yenye ilikuwa inategemea setilaiti kwa intaneti ikapumua. Agosti 2010 makampuni ya simu zikaanza vita ya bei, Zain ikashusha kupiga simu hadi bob tatu kwa dakika, na wengine ikabidi wafuate. Kwa hivyo ngiri nane ya 2011 ilitengenezwa na watu wengi: mchoraji wa chipu, mtu wa bajeti, fundi wa kebo, na muuzaji mwenye alikubali faida kidogo kwa wateja wengi. Katikati ya 2011 ripoti zilikuwa zinasema Ideos zaidi ya 350,000 zimeuzwa Kenya.

Venye mtaa ilishika rada

Cheki kenye ilifanyika. Ile hotspoti, yenye wengi waliona ni pambo, ikawa saiba ya keja. Mwanafunzi wa kampasi mwenye alikuwa na laptopu ya kurithi lakini hana intaneti, akawasha Ideos, akaweka bando, mbogi nzima ya hosteli ikafanya asaimenti usiku. WhatsApp ilikuwa imefika kwa Android Agosti 2010, na pole pole wasee wakaanza kuhama kutoka 2go. Picha ikapigwa na kupostiwa kwa simu moja, bila kebo, bila kungoja uende tao. Msee wa ocha akija Nairobi mara ya kwanza angefungua ramani ajue Kencom iko wapi.

Shida pia zilikuwa, na shida zikafundisha. Nafasi ya apu ilijaa haraka, watu wakajifunza kuhamisha apu hadi kwa memori kadi. Vijana wakaanza kufungua mfumo wa simu, kutoa programu ya kiwandani na kuweka ingine nyepesi. Hakuna odijo aliwafunza hiyo daro. Simu ilikuwa bei yenye unaweza jaribu, na mtu hujifunza na kitu yenye haogopi kuifungua. Mafundi wa tao wenye walikuwa wanabadilisha kifuniko na spika wakaongeza ufundi wa kubadilisha kioo, na hiyo wera inalisha familia hadi sai.

Na kwa wajenzi ilikuwa mlango kabisa. iHub ilikuwa imefunguliwa Ngong Road Machi 2010, imejaa vijana wa kuandika programu. Kuweka apu kwa duka la Android ilikuwa dola 25 mara moja tu. Kwa Apple ilikuwa dola 99 kila mwaka, na bado unahitaji kompyuta yao. Ngiri nane ikakupatia simu ya kujaribia kazi yako, na jirani yako akawa nayo pia, kumaanisha kuna mtu wa kuitumia. Huwezi jengea watu apu kama hawana mahali ya kuiweka.

Weka bei kwa ubao siku ya kwanza

Hii safari haijaisha. VAT ya simu ilirudishwa na sheria ya 2013, na ikaonyesha venye hatua za mbele zinaweza rudishwa nyuma kwa karatasi. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kikafunguliwa Athi River, na ile simu yao ya chini ikaanza kuuzwa bob 7,499. Ona hiyo namba vizuri. Miaka kumi na mbili baada ya Ideos, shilingi imepoteza nguvu, lakini bei imebaki hapo hapo, na mikono yenye inaiunganisha ni ya vijana wa hapa. Hiyo ni maendeleo ya kweli, na inafaa kusifiwa kwa sauti.

Lakini bado kuna wasee wengi wako na kabambe, na si ujinga, ni hesabu ya mfuko. Kwa hivyo wewe mwenye unaunda kitu sai, iwe ni apu, ni mashini ya kukausha omena, ni baiskeli ya stima, nakuomba kitu moja. Usiweke bei mwisho, venye kila kitu imeisha. Iandike kwa ubao siku ya kwanza, juu kabisa, kando ya jina la yule mtu unataka aitumie. Alafu kata hadi ufike hapo, na ujue ni kitu gani hutakubali kukata hata iwe aje. Mainjinia wa Apple walikataa kuachilia kidole. Wale wa Shenzhen walikataa kuachilia bei. Simu yenye uko nayo inahitaji hizo ukaidi mbili, na kazi yenye Nairobi inangoja kutoka kwako inazihitaji zote pia.